Tupeane uzoefu: nani hapa amewahi kuua nyuki bila kukusudia?

Wa Kandara
Wanajamvi, naanza mimi ili wengine wasione haya.

Naishi Kahawa West, lakini shamba liko Kandara, Murang'a. Mama ana miti ya avokado arobaini na kitu, karibu yote ya aina ya hasi (Hass). Mwaka juzi alinipigia simu kwamba kuna vidudu vinanyonya maua. Nami, mtu wa mjini anayejua kila kitu, nikaingia agroveti moja hapa Nairobi, nikaeleza kwa kubahatisha, nikauziwa chupa, nikaituma kwa matatu jioni hiyo hiyo. Kibarua akapiga dawa saa nne asubuhi, jua limewaka na maua yamechanua kila tawi.

Siku ya tatu akapiga mjomba, kaka yake mama, aliye ng'ambo ya kijito. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mpwa wangu, ulimtumia mama yako nini?"

Jumamosi nikateremka. Mbele ya mizinga yake sita nyuki walikuwa wametapakaa kama majani ya chai yaliyomwagwa. Wengine walikuwa bado wanazunguka kwa mgongo, ndimi zimetoka nje. Mjomba alikuwa ameshafagia wale wa siku ya kwanza akawatia kwenye debe la rangi, akalifunika, akaliweka nisije nikakosa kuona.

Kumbe hata sisi tulijichoma. Ua la avokado hufunguka mara mbili: la hasi hufunguka asubuhi likiwa jike, likafunga, kisha kesho yake alasiri likafunguka tena likiwa dume. Fuerte, aina nyingine ya avokado, ni kinyume, jike lake ni la alasiri na dume la asubuhi. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa kubeba chavua kutoka mti huu hadi ule, na mtu huyo ni nyuki. Mama ana fuerte mmoja tu, mzee, ambao nusura tuukate kwa sababu mabroka hawautaki. Msimu ule tulivuna aibu.

Haya, wengine leteni.

Mama Magunia, Utawala
Pole, kijana. Mimi sina shamba, nina magunia kumi na moja ya mboga nyuma ya ploti. Sukuma hainisumbui. Tatizo lilikuwa maboga: maua mengi, kaboga kanafika ukubwa wa ndimu, kanageuka njano, kanaoza. Nikanunua mbolea, nikanunua nyingine, wapi!

Mzee mmoja wa ghorofa ya pili akashuka siku moja na kikombe chake cha chai. Akanionyesha ua lenye kaboga chini yake, akasema hili ni jike, na lile la kijiti kitupu ni dume. Akachuma dume, akalimenya majani yake, akalipaka ndani ya jike. "Fanya hivi kabla ya saa tatu, mchana yanajifunga." Nilicheka, mtu mzima nafanya kazi ya mdudu. Lakini nilikula maboga.

Tena nilikuwa nimesahau: miezi kadhaa kabla, kundi la nyuki lilitua kwenye dari yetu, tukachanga pesa wapangaji wote wakaja watu kuwachoma. Mimi ndiye niliyekusanya mchango.

Fundi Mbao
Kuna yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao na kulia kama pikipiki. Nilikuwa namwagia petroli kwenye tundu, basi. Shemeji yangu wa Makueni akaja karakana akaniona. Alikaribia kulia! Yeye analima pashoni ya njano, na ile haizai kwa chavua yake yenyewe, inataka ya mmea mwingine. Nyuki wa asali ni mdogo, anaiba chavua bila kugusa panapotakiwa. Huyu mweusi mgongo wake unafika. Shemeji alikuwa analipa vijana wapake ua moja moja kwa mkono.

Sasa vipande vibovu vya mbao laini sichomi. Napeleka Makueni kwenye buti ya basi, anavifunga kwenye nyaya za pashoni ili hao weusi watoboe humo.

Mwana wa Sagalla
Kwetu nyuki ni askari. Tumepakana na hifadhi ya Tsavo Mashariki, tembo akiingia kwenye mahindi usiku mmoja unatosha. Watu wa shirika la kulinda tembo la Save the Elephants, yule mtafiti mama Lucy King na wenzake, walikuja na uzio wa mizinga: mizinga inaning'inia kwenye nguzo kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Tembo anaogopa nyuki, hasa kwenye macho na ndani ya mkonga.

Si muujiza. Ukame ukija, maua yanakosekana, nyuki wanahama, na uzio unabaki masanduku matupu. Hapo tembo hana wasiwasi.

Pipeline Mkamba
Marehemu babu alikuwa na mizinga ya magogo kule Mwingi, ameitundika juu kwa sababu ya nyegere. Iko hadi leo, mingi haina kitu. Migunga waliyoitegemea nyuki imekatwa makaa. Na nani ananunua makaa? Mimi, hapa Pipeline, gunia kwa gunia. Sina la kuongeza.

Jirani wa Duduville
Miaka mingi nilipita geti la Icipe hapa Kasarani nikidhani wanafuga mende. Ni kituo cha utafiti wa wadudu alichoanzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na nyuki ni sehemu kubwa ya kazi yao.

Kwako wa Kandara: ukilazimika kupiga dawa, ngoja maua yaanguke. Ukishindwa kungoja, piga jioni nyuki wakisharudi, na mwambie mwenye mizinga siku moja kabla. Tena soma jina dogo la kiini cha dawa nyuma ya chupa. Imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitumia nje kwenye mashamba mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Na hizo avokado zenu si ndiko zinakoenda?

Wa Kandara
Nimeenda kuangalia chupa. Ya pili kwenye orodha yako.

Mizinga miwili ya mjomba imeingiwa tena, yenyewe, bila kutegwa. Mama siku hizi hafungui bomba la dawa kabla hajavuka kijito kumwambia.

Mama Magunia, Utawala
Huyo mjomba anauza asali? Niwekee kilo mbili.

Wa Kandara
Anauza, mama, nitakupa namba yake inboksi. Usimwambie nimekutuma mimi. Mimi bado ananiambia imeisha.