Farasi jike siku ya 325, maziwa yanadondoka

Wakuu, farasi wangu ana mimba ya siku 325. Tangu jana maziwa yanachirizika hadi miguu ya nyuma. Nta kwenye chuchu (matone makavu yanayotangulia kuzaa) sikuiona. Anazaa leo? Banda liweje?

Jibu la 1
Siku si tatizo. Wastani ni 340, na kuanzia 320 hadi 365 ni kawaida. Wasiwasi wangu ni hayo maziwa: hiyo ni dang'a (maziwa ya kwanza yenye kingamwili) inayopotea, na haitengenezwi mara ya pili. Kondo la farasi halipitishi kingamwili, kwa hiyo mtoto huzaliwa karibu hana kinga. Kinga maziwa yanayodondoka kwenye chombo safi, gandisha, na mpigie daktari wa mifugo leo hii atafute dang'a ya akiba. Mtoto anahitaji lita 1 hadi 2 mapema, ndani ya saa 6 hadi 8. Kufikia saa 24 utumbo haupitishi tena kingamwili. Yeyusha kwa maji ya vuguvugu tu, joto kali huziharibu. Kisha mtoto apimwe damu akiwa na saa 18 hadi 24, kuona kama kingamwili zimeingia.

Jibu la 2
Banda mita 4 kwa 4, matandiko ya majani makavu marefu. Maranda hunata puani na kwenye kitovu kibichi. Mkia ufungwe bandeji.

Chupa ikipasuka, tazama saa: mtoto atoke ndani ya dakika 30. Utangulie utando mweupe, kisha kwato mbili, moja mbele kidogo ya nyingine, nyayo zikitazama chini, na pua juu yake. Ukiona mfuko mwekundu kama mahameli, kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Hapo usimsubiri daktari! Pasua papo hapo, mvute mtoto mama anaposukuma.

Jibu la 3
Naongezea: kitovu msikikate, kikatike chenyewe, kisha kichovye kwenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5. Mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo litoke ndani ya saa 3. Likichelewa usilivute, lifunge fundo lisikanyagwe, umwite daktari. Likitoka, litandaze chini ukague ncha za pembe zake zote mbili (matawi mawili ya kondo), maana kipande kidogo kikibaki huoza, sumu ikaingia kwenye damu na kwato zikavimba kwa ndani.

Muuliza swali
Asanteni. Daktari yuko njiani, chombo nimeshachemsha.