UWAKA kumwezekea mjane: bati geji 30 zitafaa?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki) kigangoni tunataka kumwezekea mama mjane kabla ya masika. Hela inatosha bati za geji 30 tu, zile nyembamba. Tuendelee?

Jibu: Milele amina. Endeleeni, ila papi (mbao zinazopigiliwa bati) zisiachane zaidi ya sentimita 90. Msumari wenye mpira upigwe mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni, maji yatapenya. Pembeni bati zilaliane migongo miwili, miishoni sentimita 15.

Jibu: Kagueni kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kwanza. Zikiwa na mchwa, bati mpya ni hasara. Na kofia, bati la kufunika kilele cha paa, husahaulika sana kwenye bajeti!

Jibu: Kiwanja cha nani? Wanaukoo waandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mama habughudhiwi. Nyumba ikipendeza, mashemeji hujitokeza.