Ripoti ya MRI ya goti baada ya upasuaji imeninyima usingizi, naombeni ushauri

Goti_Bovu: Wakuu, nilifanyiwa upasuaji wa ACL (kano ya ndani ya goti) miezi sita iliyopita, na menisikasi (gegedu la katikati ya goti) ikashonwa. Jana nimepiga MRI. Ripoti inasema kipandikizi (kano mpya niliyowekewa) kinang'aa kuliko kawaida, menisikasi ina mstari mweupe, na goti lina maji. Imekatika tena? Daktari aliyenipasua namwona wiki ijayo.

MzeeWaKigoda: Pole. Vijana wa leo hamjui kutulia.

BegaMoja: Mimi lilikuwa bega. Wiki tatu nalala nimekaa, mpaka mke akanizoea kama kochi.

MpigaPicha: Nafanya kazi chumba cha MRI. Kung'aa kwa miezi sita peke yake kusikutishe: kipandikizi kinaotwa na mishipa ya damu, na huchukua mwaka au zaidi kurudi kuwa cheusi kwenye picha. Mstari kwenye menisikasi iliyoshonwa nao waweza kubaki miaka hata ikiwa imepona. Tunachotazama ni kama maji yamepenya ndani ya mstari wenyewe, na kama nyuzi za kipandikizi zinaonekana zimeungana toka juu hadi chini. Sasa niambie, kwa nini ulipiga MRI?

Goti_Bovu: Kuangalia maendeleo tu.

MpigaPicha: Goti linanyooka lote? Linachomoka ukigeuka?

Goti_Bovu: Haya, nisiwafiche. Jumamosi niliingia uwanjani dakika kumi. Nikageuka, likalia ta! Usiku likajaa kama puto. Lakini nilivaa bandeji ngumu, na wa mazoezi ya viungo mwenyewe alinisifu naruka vizuri. Fainali ni wiki mbili zijazo, nimeshawaahidi wenzangu.

MzeeWaKigoda: Si nilisema!

Kijiko: Chai hii, tena ina sukari nyingi. Daktari hujamwona, MRI kaiandika nani?

BegaMoja: 😂😂 Mleta mada, jibu.

Goti_Bovu: Si chai. Nilikwenda kwa daktari mwingine. Nikamwambia goti linauma, basi.

MpigaPicha: Upasuaji hukuutaja?

Goti_Bovu: Hakuniuliza. Fomu imeandikwa "maumivu ya goti".

MpigaPicha: Kwa hiyo aliyesoma picha hakuwa na taarifa ya upasuaji wala picha za zamani za kulinganisha. Mstari wa mshono na mchaniko mpya vinafanana sana. Mpelekee aliyekupasua picha zenyewe, siyo ripoti tu. Alishike goti kwa mikono yake, avute, aone kama linateleza. Mpigie leo, usingoje wiki ijayo.

Goti_Bovu: Nikimpigia atanikataza fainali.

Kijiko: Sawa, naondoa neno chai.