Nimemeza vidonge vyenu wiki 24, saa mmechukua, majibu mmekalia. Kwa nini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mwaka jana niliingia kwenye utafiti wa chuo kikuu kimoja (jina nalihifadhi kwanza). Walitaka watu wa miaka 40 kwenda juu, sukari ipo mpakani (imepanda ila bado si kisukari), kitambi kimetangulia. Sifa zote ninazo. Tukagawanywa kwa bahati nasibu: wote tunatembea, ila wengine wanameza vitamini D na wengine kidonge kitupu kinachofanana nacho. Hilo silalamikii. Nilielezwa siku ya kwanza na nikasaini fomu ya ridhaa. Hata nesi aliyetugawia hakujua nani ana kipi, na ndivyo inavyotakiwa.

Wakanivisha saa janja. Nimelala nayo, nimeenda nayo msibani. Inahesabu hatua, inamulika ngozi kwa taa ya kijani kusoma mapigo, inaandika hata usiku umegeuka mara ngapi. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, mbwa wananibwekea, mlinzi wa jirani ananiuliza, "Mzee, leo tena umefukuzwa?" Siku nikisahau kuivaa, kabla sijamaliza chai simu inaita: "Mshiriki, jana hatukuona hatua zako." Bando la kutuma hizo hatua nanunua mimi.

Siku ya mwisho wakatoa damu, wakapima kiuno, wakavua saa yao. "Asante sana, tutawaita mkutano wa matokeo." Huu mwezi wa kumi na moja nangoja. Mratibu alianza na "bado tunachakata", ikaja "profesa kasafiri", sasa hapokei kabisa. Wakati wa hatua zangu alikuwa anapiga yeye!

Sasa sikieni kinachoniuma. Nilipoanza, sukari ya asubuhi ilikuwa 6.4. Nilipomaliza nikaenda kujipima mwenyewe zahanati, 5.6. Nikajua ni vidonge. Tangu hapo kila mwezi nanunua vitamini D duka la dawa, na bei yake mnaijua. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Una hakika hukupewa kitupu?" Sina. Huenda ni kutembea. Huenda ni soda niliyoacha. Jibu liko kwenye faili lao, mimi nateketeza hela kwa kubahatisha.

Juzi ndiyo nimekuja kusoma kwamba Marekani watu 2,423 wenye sukari mpakani kama mimi waligawanywa hivyo hivyo, vitamini D kwa kidonge kitupu, na mwaka 2019 wakatangaza kuwa hakukuwa na tofauti ya maana katika kuzuia kisukari. Wametangaza! Hawakuficha.

Na msiniambie matokeo yameaibisha ndiyo maana wamekaa kimya. Chuo Kikuu cha Pittsburgh walijaribu vifaa vya kuvaa kwa watu 471, miaka miwili. Waliovaa walipungua kilo 3.5, wasiovaa kilo 5.9. Kifaa kikashindwa, na 2016 wakachapisha hivyo hivyo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, ambalo watafiti wetu hulitaja kila wanapoomba kibali, linasema mshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Hakuna palipoandikwa "profesa akirudi safari".

Sidai pesa. Nadai vitu viwili: nilimeza nini, na vipimo vyangu vya damu viko wapi.

Kama humu kuna aliyekuwa zamu ya Jumanne na Alhamisi, njoo inbox tuandike barua moja kwa kamati ya maadili iliyowapa kibali, maana ya mtu mmoja wataitia droo. Na anayejua barua hizo zinapokelewa wapi, dirisha gani, anielekeze.

Wale wa "si ulirudishiwa nauli?" piteni kushoto.