TUPEANE UZOEFU: Umesamehewa, maisha yamebadilika. Shukrani inaonekanaje?

Mlinda Lango: Shuhuda nyingi zinaishia "nimesamehewa, Bwana asifiwe", mtu anaketi. Aliyeibiwa bado hana mali yake. Mnaolea waongofu wapya, shukrani inaanzia wapi?

Kinara: Kwa Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru, Luka 19. Torati ilimtaka mkosaji anayekiri arudishe mali yote na sehemu ya tano juu yake (Hesabu 5:7): ulichukua 100, rudisha 120. Mara nne ilikuwa ya aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Zakayo akajitwisha hiyo nzito, na nusu ya mali yake akawapa maskini!

Sauti Nyikani: Basi mnauza msamaha. Damu imeshalipa yote.

Kinara: Angalia mpangilio, ndugu. Yesu anajialika nyumbani kwake mstari wa 5. Habari ya kulipa inakuja mstari wa 8.

Mama Mlezi: Kinara yuko sahihi, ila kwenye kutengeneza ndipo wengi wanapoharibu. Chukua karatasi, piga safu tatu: nani, nini, kiasi gani. Ukifika kwa mtu taja tendo lenyewe: "Nilichukua fedha zako nikamsingizia mwingine." Ukisema "kama nilikukwaza" umeshaivuruga toba, maana unamwachia yeye kazi ya kuthibitisha kosa lako. Fedha hazitoshi? Peleka zilizopo, mwandikiane tarehe za zilizobaki. Usimdai akusamehe papo hapo, na asiposamehe deni bado ni lako. Amefariki? Hesabu 5:8 inakupeleka kwa jamaa yake. Asipokuwa na jamaa, ni ya Bwana, anapewa kuhani. Uliyempiga na bado anakuogopa, usimwendee mwenyewe, tuma mtu anayemwamini. Mambo ya zinaa pitia kwanza kwa mchungaji, usije ukavunja nyumba ya watu kwa jina la kutubu.

Tumaini: Hilo la "kama" libandikwe ukutani.

Mpenda Historia: Mabadiliko nayo yana muda wake. John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo wa "Amazing Grace", alimlilia Mungu kwenye dhoruba Machi 1748. Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa! Aliacha bahari 1754, na kilichomtoa ni ugonjwa. Kijitabu cha kukiri ubaya wa biashara ile kilitoka 1788.

Sauti Nyikani: Miaka 40! Huyo aliokoka lini?

Tumaini: Na waliosafirishwa katikati hapo?

Mpenda Historia: Ndiyo uchungu wake. Lakini alipokiri alieleza aliyoyaona melini, na ushahidi wake ukawasaidia waliopigania sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ile Uingereza. Alifariki Desemba mwaka huohuo.

Mlinda Lango: Tumehama. Ushuhuda wenyewe je?

Kinara: Dakika 5. Moja ya zamani, moja ya ulivyookoka, tatu za sasa.

Sauti Nyikani: Paulo kwenye Matendo 26 ana mistari 8 ya zamani (4 hadi 11) na 5 tu ya baadaye (19 hadi 23). Mnambania nani?

Mama Mlezi: Zihesabu, lakini soma yaliyomo: anataja alichowatenda watakatifu, hasimulii ujanja wa kukitenda. Ukianza kueleza kufuli lilivyofunguliwa, vijana wanajifunza kufungua kufuli.

Tumaini: Na majina ya mliokosa nao?

Mama Mlezi: Usitaje hata moja. Hawajakutuma uwatubie.