Fainali ya klabu bingwa: miji michache ya kudumu au zabuni kila mwaka?

Mtoa hoja

Wakuu, hoja ni hii. Fainali ya mechi moja ya klabu bingwa, katika bara lolote lenye utaratibu huo, isitangaziwe zabuni kila mwaka. Shirikisho lichague miji mitano au sita, fainali izunguke humo humo.

Viwanja vikubwa vipo vingi, hilo sibishi. Kinachoharibu fainali huwa nje ya uwanja: watu wanafikaje, wanaingiaje, na usiku wa manane wanaondokaje. Mji unaoandaa mara moja kwa miaka 20 hugundua makosa yake siku ya mechi yenyewe, kisha somo hilo halina tena pa kutumika. Wembley, London, imeshapokea fainali 8 za klabu bingwa Ulaya, kuanzia 1963 hadi 2024. Kombe la Ujerumani linamalizikia Berlin kila mwaka tangu 1985. Tena kuna faida ambayo wengi huisahau: fainali ya wanawake ya kombe hilo ilikuwa ikichezwa Berlin kama mechi ya utangulizi. Mwaka 2010 ikahamishiwa Köln, ikabaki huko, na sasa ina siku yake na watu wake.

Mkia wa Foleni

Mkuu, mfano mmoja unaitikisa hoja yako: Saint-Denis, kando ya Paris, 28 Mei 2022. Uwanja ule, Stade de France, si mgeni. Fainali ya Kombe la Dunia 1998, fainali za klabu bingwa 2000 na 2006, fainali ya Euro 2016, zote zilichezwa pale. Pamoja na hayo, mechi ya Liverpool na Real Madrid ilichelewa dakika 36, na watu wenye tiketi halali walipigwa mabomu ya machozi getini.

Mgomo kwenye RER B, mojawapo ya njia za treni za kwenda uwanjani, ulisababisha wengi waelekezwe RER D. Njia ya miguu inayotoka kituo cha RER D inapita chini ya barabara kuu. Hapo hapo ndipo ukaguzi wa kwanza wa tiketi ulipowekwa, na magari ya polisi yalikuwa yameshakula upana wa njia. Jopo huru lilitoa ripoti Februari 2023 na kuitwisha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, lawama kuu. Uzoefu wa mji haukuwasaidia kitu.

Mtoa hoja

Angalia tarehe, ndugu yangu. Fainali ile ilikuwa imepangiwa Saint Petersburg, Urusi. Ilihamishwa 25 Februari, yaani miezi mitatu tu kabla. Mji ulikuwa na uzoefu, lakini mpango wa siku ile ulitungwa kwa haraka. Amerika Kusini nao, mwaka 2019, waliitoa fainali Santiago kwa sababu ya maandamano wakaipeleka Lima siku 18 kabla ya mechi. Ukiwa na kundi la kudumu, kila mwaka mji mmoja unakuwa wa akiba na mpango wake uko kabatini, unarekebishwa tu.

Lango la Kaskazini

Niweke hesabu, maana "uzoefu" ni neno pana mno. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unaruhusu kukadiria watu wasiozidi 660 kwa saa kwa kila geti la kuzunguka. Uwanja wa watu 65,000 unaotaka kuingiza wote kwa saa moja unahitaji mageti 99, na yote yawe yanafanya kazi. Ukiwa na 70, unahitaji karibu dakika 85. Sasa mashine za kusoma tiketi za simu zikianza kusuasua kwenye mageti kumi upande mmoja, foleni ya upande huo haiwezi kuhamia kwingine kwa sababu mashabiki wa timu mbili wametenganishwa kwa uzio.

Kutoka ni hesabu nyingine: watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana penye usawa, 66 penye ngazi. Ngazi ya mita tatu inapitisha watu kama 200 kwa dakika. Hayo ni ndani. Nje, mashabiki 20,000 wakitegemea mabasi ya watu 50, hizo ni safari 400. Kama barabara ya kwenda uwanjani ni moja, basi la kwanza likishateremsha halirudi kwa wakati kwa sababu linakutana na yale yanayokuja. Ndiyo habari ya Istanbul 2023: uwanja wa Atatürk uko nje kabisa ya mji, upande wa magharibi, na mashabiki walikwama ndani ya mabasi kwa muda mrefu. Treni ya watu 1,000 inayopita kila dakika mbili inabeba 30,000 kwa saa. Kwa hiyo kigezo cha kwanza kiwe reli, idadi ya viti ifuate.

Kipenga cha Mwisho

Nyote mnazungumza kama Ulaya ndiyo dunia nzima. Afrika imeshaonja miji inayojirudia. Fainali ya 2021 ilichezwa Casablanca, ya 2022 ikapelekwa Casablanca tena, na aliyefika fainali hiyo ni Wydad, wenyeji wa mji huohuo. Wapinzani wao, Al Ahly wa Misri, walikwenda hadi mahakama ya michezo, CAS, kuomba uwanja huru, wakakataliwa. Wydad akashinda 2-0. Mwaka uliofuata shirikisho la Afrika, CAF, likarudisha fainali ya nyumbani na ugenini.

Bara ambalo klabu chache ndizo zinazofika fainali mara kwa mara, ukichagua miji mitano bora kwa hoteli, reli na viwanja, umechagua miji ya klabu hizo hizo. Ulaya nako imetokea: Real Madrid 1957 na Inter 1965 walibeba kombe kwao, Roma 1984 na Bayern 2012 wakalia kwao. Fluminense akachukua Libertadores, klabu bingwa ya Amerika Kusini, kwao Maracanã 2023. Zabuni ya kila mwaka haizuii hilo, nakubali, lakini mzunguko wa miji mitano unaliongezea uwezekano.

Mtoa hoja

Hapo nakubali nusu. Dawa ni kuweka sharti: mji ambao klabu yake imefika nusu fainali unabadilishana na mji wa akiba.

Kipenga cha Mwisho

Kati ya nusu fainali na fainali Ulaya kuna wiki tatu hadi nne. Umetoka kulaumu haraka ya miezi mitatu ya Saint-Denis, sasa unataka wiki tatu? Na hoteli zilizokwishalipiwa katika mji wa kwanza atazirudisha nani?

Tiketi Mkononi

Swali zuri hilo, lakini turudi kwa shabiki. Linganisheni mgawo wa tiketi. Wembley 2024 kila klabu ilipata 25,000. Munich 2025, kila klabu 18,000. Baku 2019, fainali ya Europa League, kombe la pili la klabu za Ulaya, kati ya Arsenal na Chelsea, kila klabu 6,000, katika uwanja wa watu zaidi ya 68,000. Maelezo ya UEFA yalikuwa kwamba uwanja wa ndege wa Baku unamudu abiria kama 15,000 kwa siku. Na hata hizo 6,000 klabu zilishindwa kuzimaliza, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ghali na ya kuunganisha ndege. Kwangu, mji wowote usioweza kupokea mashabiki 40,000 kwa siku mbili, kwa ndege na reli pamoja, usiingie hata kwenye mazungumzo.

Kyiv 2018 ilionyesha upande wa hoteli: bei zilipaa hadi wakazi wakaanza kuwapa wageni vitanda bure majumbani.

Kocha wa Akiba

Wamarekani wanafanya kitu kinachofanana na hoja hii kwa Super Bowl, fainali ya ligi yao ya futiboli ya Kimarekani. New Orleans na Miami zimeandaa mara 11 kila moja. Siku hizi ligi yenyewe ndiyo inayouchagua mji na kuualika uandike pendekezo. New Orleans inapendwa kwa sababu shabiki anatoka hotelini hadi uwanjani kwa miguu. Hata hivyo mwaka 2013, wakati mji huo unaandaa kwa mara ya kumi, umeme ulikatika na mechi ikasimama dakika 34. Chanzo kilikuwa kifaa kilichofungwa kwa ajili ya kulinda umeme wa uwanja!

Ila sababu yangu kubwa ya kuunga mkono miji michache ni pesa. Miji mingi ikigombana, mwandaaji anaandika atakavyo: orodha ya madai ya ligi kwa Minneapolis, kwa fainali ya 2018, ilikuwa na kurasa 153, zikiwemo nafasi 35,000 za kuegesha magari bure. Mji wenye uhakika wa zamu yake kila miaka mitano unaweza kukataa.

Mkia wa Foleni

Au unaweza kubweteka. Milan ilipewa fainali ya 2027 kisha ikanyang'anywa kwa sababu haikuweza kuhakikisha kwamba ukarabati wa uwanja wake, San Siro, hautaigusa. Hiyo ni nguvu ya zabuni: anayeshindwa anaondolewa. Kwenye kundi la kudumu, nani anamtoa mwanachama?

Lango la Kaskazini

Sharti liandikwe mapema. Mji unaopanga kufunga uwanja kwa ukarabati utoe taarifa miaka mitatu kabla, la sivyo upoteze zamu mbili. Na jambo dogo ambalo halihitaji mji mpya wala wa zamani: saa ya kuanza. Mechi ikianza saa 3 usiku, ikienda dakika 120 na penalti, watu wanatoka karibu saa 6, treni za masafa zimeshaondoka. Kwa fainali ya Budapest 2026 UEFA iliisogeza hadi saa 12 jioni.

Mtoa hoja

Basi nabadilisha pendekezo: miji minne ya kudumu, na zamu moja kati ya kila tano iwe wazi kwa mji mpya ambao umeshaandaa fainali ndogo, ya wanawake au ya vijana, na hesabu zake za mageti na reli zikachapishwa hadharani. Kuhusu klabu mwenyeji kufika fainali, Kipenga, sina jibu lisilogharimu. Nadhani lazima tuikubali hatari hiyo.

Kipenga cha Mwisho

Ulaya mnaweza kuikubali. Afrika nitaendelea kudai nyumbani na ugenini.