Nimebaki na ufagio na uji wa bibi jirani. Hii nayo ni huduma?

MamaPacha_Mbagala
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Kabla sijajifungua nilikuwa kwaya, sauti ya pili, na mkesha wowote mlinikuta. Sasa nina mapacha wanaotambaa, alfajiri nachoma vitumbua, jioni naloweka mchele wa kesho. Kanisani nimebakiwa na zamu ya jumuiya ya kufagia Jumamosi. Na nikimaliza kuuza, napeleka kikombe cha uji kwa bibi mmoja hapa nyuma, watoto wake wako mikoani. Basi. Rozari naianza kitandani, fumbo la pili silifikii nimeshalala.

Juzi rafiki yangu wa karibu, yeye yuko karismatiki, kaniambia nimepoa. Anasema kufagia hata asiyeamini anaweza. Anataka niingie kikundi chao cha maombi, Jumamosi asubuhi, saa ile ile ya zamu, na mwezi ujao wana mfungo. Mimi bado nanyonyesha. Niache ufagio niende? Au ni kweli nimepoa, najifariji tu?

Katekista_Mstaafu
Milele amina, mwanangu. Mfungo acha, hakuna padre atakayekudai ufunge huku unanyonyesha wawili.

Kuhusu usingizi, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alisinzia kwenye sala miaka na miaka. Ameandika mwenyewe kwamba hakukata tamaa, kwa sababu wazazi huwapenda watoto wao wakilala kama wanavyowapenda wakiwa macho. Na huyo ni mtawa, pacha hana! Aliingia Karmeli ya Lisieux, monasteri huko Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia humo humo 1897 akiwa na miaka 24. Hakuhubiri popote. Kulikuwa na mtawa mwenzake ambaye kila alichofanya kilimkera. Teresa akaamua kumtabasamia kila wakikutana, mpaka mwenzake akamuuliza kampendea nini. Ndiye huyo huyo aliyetangazwa msimamizi wa misioni mwaka 1927 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Kwa hiyo habari za kupoa tuzipime polepole.

Boda_Mcha_Mungu
Kufagia hata asiyeamini anaweza, sawa. Ila hatujawahi kumwona Jumamosi na ufagio 😀

MzeeWaUsharika
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, mniruhusu. Dada, soma Matendo 9 kuanzia mstari wa 36. Dorkasi kafa kule Yafa, Petro anaitwa, anapandishwa orofani. Wajane wamesimama wanalia, na wanachomwonyesha ni kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna anayetaja alisali saa ngapi wala alinena nini. Na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anamwita mwanafunzi, jina lile lile la wafuasi wengine wote.

MsemaKweli
Naomba kupinga kidogo. Tunayapenda sana haya "mambo madogo" kwa sababu mara nyingi hayatugharimu. Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili, lakini ndizo zilikuwa riziki yake yote. Mimi mwenye mshahara nikitia mia tano kwenye kapu siwezi kujificha nyuma ya yule mama. Na tusome mstari wa 40, kabla tu hajatajwa: Yesu anawasema waandishi wanaokula nyumba za wajane. Ndiyo maana mtu akimtumia mjane kukamua wanyonge michango ya ujenzi, mimi nainuka. Sasa dada nikuulize, huo uji unatoka wapi? Ni uliobaki?

MamaPacha_Mbagala
Haubaki, kaka. Ni sufuria moja na ya wanangu, ulezi na mahindi na karanga kidogo. Wa bibi nautoa kwanza, nikichelewa wale wawili wanaumaliza. Meno hana, kwa hiyo nauchuja. Siku nyingine hataki hata kunywa, anataka nikae tu anisimulie habari za marehemu mumewe, zile zile, huku watoto wananivuta kanga. Hapo ndipo pananichosha kuliko ufagio.

MsemaKweli
Nimejibiwa. Narudi kwenye kiti changu.

DadaWaSongea
Hapo pa kukaa ndipo penye kazi. Nakutajia Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Bakhita. Alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, mwisho akawa mtawa huko Schio, Italia. Alipika, akashona, akawa bawabu wa nyumba yao. Watoto wa shule wakipita mlangoni aliwawekea mkono kichwani. Alikufa 1947, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Kufungua mlango, jamani, nako hata asiyeamini anaweza.

Ila rafiki yako usimchukie. Kundi la maombi ni jambo jema, na mimi nimo. Pengine amekukosa tu kwenye mikesha na hajui namna ya kusema. Mkaribishe mwende naye kwa bibi. Halafu swali la pembeni: zamu ya jumuiya ni ya kaya nzima, baba pacha yuko wapi Jumamosi?

MamaPacha_Mbagala
Hahaha, msimseme, yeye ndiye anayebeba ndoo za maji na kupanga mabenchi.

Nimeongea na mwenyekiti wa jumuiya, zamu yangu inabaki Jumamosi. Rafiki nimemwambia kikundi nitakuja nikishawaachisha watoto ziwa. Alinuna kidogo, kisha nikamwambia habari ya bibi. Jumanne tunakwenda wote. Ameniuliza abebe nini, na mimi sijui nimwambie nini.

Katekista_Mstaafu
Sabuni ya kipande na mafuta ya kupaka, ngozi ya wazee inakauka sana. Na umwambie mapema asianze kuombea kwa sauti kubwa pale mlangoni. Bibi anywe uji kwanza.